Kosa la mstari mmoja lililonipeleka Kisarawe

Najua nimepotea sana. Mara ya mwisho nilikuwa nalialia hapa kuhusu bumu lililochelewa, mkanipa pole, bumu likaja, likaisha ndani ya wiki mbili kama kawaida yake, maisha yakaendelea. Leo sina habari za bumu. Nataka niwasimulie kisa cha mwezi wa tano mwaka 2025, nilipokuwa mwaka wa tatu, cha projekti yangu. Nimekaa nacho muda mrefu bila kukiandika kwa sababu kilikuwa kinaniuma. Wale wa TEHAMA mtanielewa haraka. Wale wa sheria na ualimu nawaomba mvumilie kidogo, nitaeleza pole pole, na nyanya za Mama zitatusaidia njiani.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni mtoto wa Kibaha. Nimezaliwa hospitali ya Tumbi, nimekulia Maili Moja, na Mama yangu ni mama lishe pale pale karibu na barabara ya Morogoro. Baba ana dada yake, yaani Shangazi yangu, ambaye ni muuguzi katika zahanati moja wilaya ya Kisarawe, huko ndani kabisa, siyo pale mjini. Kibaha na Kisarawe zote ni mkoa wa Pwani, na kwenye ramani unaweza kudhani ni jirani wa kupigiana hodi. Jaribu kusafiri sasa! Unatoka Maili Moja hadi Mbezi, unapanda gari la kupitia Kinyerezi hadi Banana, unatafuta la Gongo la Mboto, unapanda milima ya Pugu, ndipo unaingia Kisarawe. Hapo bado hujatafuta bodaboda ya kukupeleka kijijini. Kumbukeni safari hii, nitairudia.

Basi bwana, projekti. Shangazi alikuwa akija Kibaha analalamika kuhusu dawa. Kila jioni anahesabu zilizobaki, anaandika kwenye daftari, lakini kujua kwamba "hizi zitanifikisha lini" inabidi akae chini na kikokotoo, na mara nyingi amechoka. Nikasema hii ndiyo projekti. Nitatengeneza mfumo mdogo: jioni anaingiza hesabu kwa simu, kila Ijumaa usiku mfumo unamtumia meseji yenye dawa zilizobaki na siku zitakazotosha. Hakuna cha ajabu. Tukaomba ruhusa ya kufanya majaribio tu, vitabu vya MTUHA vikiendelea kujazwa kama kawaida, na mfumo wangu haukugusa mfumo wowote wa serikali.

Hapa niseme kitu kwa wasiojua. MTUHA ndiyo Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, vile vitabu vikubwa mnavyoviona zahanati, cha 5 cha wagonjwa wa nje, cha 6 cha wajawazito na vinginevyo. Taarifa za vitabu hivyo zinaingizwa kwenye kompyuta kupitia DHIS2, ambao kufikia mwisho wa mwaka 2013 ulikuwa umeshasambazwa nchi nzima. DHIS2 unatengenezwa Chuo Kikuu cha Oslo kule Norway, umeandikwa kwa Java, na mifupa yake inashikwa na fremuwaki inayoitwa Spring. Hata OpenMRS, ule mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret kwa majirani zetu Kenya mwaka 2006, nao umejengwa juu ya Spring hiyo hiyo. Kwa hiyo mwalimu aliposema darasani kwamba dipendensi injeksheni ni jambo la kuelewa siyo la kukariri, nikamwamini. Nikafungua kodi za DHIS2 (kodi za programu jamani, siyo za TRA) nikaanza kuzisoma usiku.

Sasa dipendensi injeksheni ni nini? Turudi kwa Mama.

Zamani Mama alikuwa akihitaji nyanya anaamka saa tisa usiku, anapanda gari mwenyewe hadi sokoni Dar, anachagua, anabeba, anarudi. Yaani mpishi alikuwa pia mnunuzi, mchukuzi na mjua-bei. Soko likihama au nauli ikipanda, mapishi yote yanayumba. Siku hizi Mama anasema tu, "Nahitaji nyanya, mchele na mkaa." Kuna kijana ana daftari. Kwenye daftari imeandikwa nyanya zinatoka kwa nani, mchele wa wapi, mkaa nani analeta. Asubuhi Mama anakuta vitu mlangoni. Hajui nyanya zimetoka bonde la Ruvu au zimetoka Iringa, na hataki kujua. Anachojua nyanya ni nyanya.

Kwenye kodi ni hivyo hivyo. Klasi inayohitaji kitu haikitengenezi yenyewe ndani yake. Inatangaza mlangoni, yaani kwenye konstrakta, "nahitaji mtuma meseji", halafu inaletewa. Kudungwa huko ndiyo injeksheni. Yule kijana mwenye daftari anaitwa kontena. Na kuandika kwenye daftari namna ya kupata kila kitu ndiyo kusajili kiwanda. Angalieni hapa: hampi kontena nyanya yenyewe, unampa maelekezo ya kuipata. Kiwanda ni yale maelekezo, kipande kidogo cha kodi kinachosema "ukiombwa mtuma meseji, mtengeneze hivi". Kontena anayatumia pale kitu kinapohitajika.

Jina lenyewe la dipendensi injeksheni lilienea baada ya makala ya Martin Fowler ya Januari 2004, na Spring ya Rod Johnson ilitoa toleo lake la 1.0 mwaka huo huo. Siyo mambo ya jana. Ukifungua kodi za DHIS2 unaona huduma ya data elementi haijui kama chini yake kuna Hibernate au kitu kingine, inajua kuna ghala, basi. Kwa miaka mingi usajili wao uliandikwa kwenye mafaili ya XML yanayoitwa beans.xml, kila moduli na faili lake. Nilipoona vile nikasema hawa jamaa ni kina Mama kabisa!

Mimi nilitumia Laravel, kwa sababu PHP ndiyo niliyoimudu na seva yake ni ya bei ya mwanafunzi. Laravel nayo ina kontena na ina mahali pa kusajili viwanda. Utamu wake niliuona mapema. Nikiwa hosteli na laptopu yangu nilisajili mtuma meseji bandia, ambaye badala ya kutuma anaandika kwenye faili, maana meseji za kweli zinakula hela. Kwenye seva nikasajili mtuma meseji wa kweli. Kodi nyingine zote hazikuguswa hata herufi moja. Mshikaji wangu wa rumu alikuwa anabadilisha mafaili kumi na moja kila akihama kutoka laptopu kwenda seva. Nilimcheka sana. Mungu hapendi kiburi, mtaona.

Kuna neno moja zaidi mnatakiwa kulijua, nalo ndilo lililoniua: singletoni.

Ukisajili kiwanda una uchaguzi. Unaweza kusema "kila ukiombwa, tengeneza kipya", kwenye Laravel unaandika bind. Au unaweza kusema "tengeneza mara ya kwanza tu, kiweke rafuni, wengine wote wape hicho hicho", unaandika singleton. Kwa vitu vizito visivyobeba siri ya mtu, kama muunganisho wa kanzidata, singletoni ni sawa kabisa. Ndoo ya maji ya kunawa pale kwa Mama ni moja, wote wananawa. Lakini sahani ya mteja je?

Mimi nilikuwa na kitu nilichokiita KituoHusika. Kazi yake ni kukumbuka sasa hivi tunashughulika na zahanati ipi, ili klasi nyingine zikihitaji kujua zimuulize. Nikakisajili kama singletoni. Mstari mmoja. Na ndani yake nikaandika kwa ujanja wangu: kama kituo hakijawekwa, kiweke, kama kimeshawekwa, usihangaike. Nikaona nimeokoa muda wa seva.

Kwenye kurasa za wavuti kila kitu kilikwenda vizuri, na sababu yake nimeielewa baadaye. PHP kwa kawaida inafanya kazi kama mgeni asiyelala: ombi likija inaamka, inajenga kila kitu upya, inajibu, inakufa. Ombi linalofuata linakuta kontena jipya, rafu tupu. Kwa hiyo singletoni yangu ilikuwa inaishi sekunde moja na kufa na siri zake. Sikuwahi kuona tatizo kwa sababu tatizo lilikuwa linazikwa kila sekunde.

Lakini meseji za Ijumaa sikuzituma kupitia kurasa. Zinachelewa, kwa hiyo niliziweka kwenye foleni, na kuna kibarua mmoja kwenye seva anazichukua moja moja na kuzituma. Kibarua huyu hafi. Anaamka Jumatatu yupo, Ijumaa yupo, kontena lake lile lile, rafu ile ile.

Wiki tatu za mwanzo nilikuwa na zahanati moja tu, ya Shangazi. Meseji sahihi tupu! Shangazi akawa ananisifia kwa wenzake. Mmoja wao, Sista mfawidhi wa zahanati nyingine mbele huko, akasema na yeye anataka. Nikamuongeza siku ya Jumatano. Nikajaribu kurasa zake kwa simu yangu, zinaonyesha dawa zake barabara. Nikalala usingizi wa haki.

Ijumaa usiku kibarua akachukua kazi ya kwanza, ya Shangazi. Akamuomba kontena KituoHusika, kikatengenezwa, kikawekwa zahanati ya Shangazi, meseji ikaenda. Akachukua kazi ya pili, ya Sista. Akaomba KituoHusika. Kontena akasema kipo rafuni, hiki hapa. Kodi yangu ikatazama: kituo kimeshawekwa, usihangaike. Ikaenda kusoma dawa za Shangazi, ikazituma kwenye simu ya Sista.

"Mseto: dozi 62. Zitatosha siku 33."

Sista alikuwa na dozi nne.

Hakuna kengele iliyolia. Hakuna maandishi mekundu. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo wadau, programu ilikuwa inaona imefanya kazi nzuri.

Niwaeleze kilichotokea, kama nilivyosimuliwa. Ijumaa ile Sista alikuwa ametoka kituoni kwa mambo ya kikazi mjini Kisarawe, amelala huko, na Jumamosi asubuhi alipanga kupitia kituo kimoja njiani kuazima mseto, maana vituo huwa vinasaidiana dawa zikipungua. Mvua za masika zilikuwa hazijaisha na homa zilikuwa nyingi. Akaamka, akasoma meseji yangu. Dozi 62? Akafikiri mzigo umefika jana akiwa hayupo na msaidizi wake ameshaingiza kwenye simu. Akashukuru Mungu, akapanda bodaboda moja kwa moja hadi kwake bila kupitia kuazima. Alipofungua kabati akakuta nne zile zile.

Nne ziliisha Jumamosi jioni. Jumapili akaja mama mmoja na mtoto wa miaka mitatu, anachemka, kipimo cha haraka kinasoma malaria. Dawa hakuna. Sista akawaandikia waende kituo kingine, na kufika huko ilikuwa bodaboda ya shilingi elfu nane, kwenye matope, mtoto amefunikwa kitenge. Mtoto alipata dawa na alipona, nimeuliza zaidi ya mara moja. Lakini elfu nane ya yule mama niliila mimi, na yale masaa ya mtoto kwenye mvua niliyasababisha mimi, nikiwa nimekaa hosteli nakula chipsi.

Jumatatu asubuhi simu ya Shangazi ikaita.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba baba. Hebu niambie, ile meseji uliyomtumia Sista, mbona ina namba zangu?"

"Namba zako vipi?"

"Sitini na mbili ni yangu. Nimeihesabu mwenyewe Ijumaa. Yeye ana nne."

Nilihisi tumbo limekuwa maji. Nikafungua laptopu. Ilinichukua saa tatu kuona, na nilipoona nilicheka kile kicheko kibaya, maana kosa lilikuwa neno moja kwenye mstari mmoja.

Sasa hapa ndipo penye kisa chenyewe. Alhamisi ile ile nilikuwa naprizenti mbele ya jopo. Grafu zangu za wiki tatu zilikuwa safi kabisa. Hakuna mtu pale chuoni aliyejua habari za Sista. Mshikaji wa rumu, ambaye ananipenda kweli, akaniambia, "Mwanangu, rekebisha kimya kimya. Shangazi mwambie mtandao ulichanganya meseji. Nani atajua?" Na ni kweli, nani angejua? Watu huku wameshazoea kuambiwa mtandao. Mtandao ndiyo unaobeba dhambi za watu wote nchi hii.

Nilikaa na wazo hilo usiku kucha, sitawadanganya. Nilishaitunga hata sentensi ya kumwambia Sista. Kilichonishinda ni kwamba angeniamini. Angesema "aah, mtandao", na Ijumaa nyingine angesoma meseji yangu tena, angeiamini tena.

Jumanne nikafanya ile safari. Mbezi, Kinyerezi, Banana, Gongo la Mboto, Pugu, Kisarawe. Kisha bodaboda kwenye utelezi, tukaanguka mara moja, tope hadi masikioni. Shangazi alinisubiri njiani, tukaenda wote.

Sista ni mama wa makamo, mpole, hana maneno mengi. Nikamsalimia, akaitikia, akanipa kigoda. Nikamwambia, "Sista, ile meseji ni kosa langu. Siyo mtandao. Ni mimi." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nieleze. Lakini nieleze nielewe, usinizungushe."

Nikaanza na kontena, na rafu, na kibarua asiyekufa. Nilijitahidi. Alinisikiliza huku anapanga vitu vyake mezani. Nilipofika pale ambapo kazi ya pili inapewa kitu kilichokwishatumika na kazi ya kwanza, akainua bomba la sindano likiwa kwenye pakiti yake.

"Kwa hiyo ulitumia bomba la mgonjwa wa kwanza kumchoma wa pili."

Nikasema ndiyo Sista. Ndivyo hivyo hasa.

"Na hukuona kwa sababu kwa wiki tatu mgonjwa alikuwa mmoja."

Wadau, nimesoma makala nyingi kuhusu muda wa kuishi wa vitu ndani ya kontena, na hakuna iliyonieleza vizuri kama hivyo. Akaongeza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria kabisa. Akasema mabomba ya siku hizi ukishachoma mara moja yanajifunga, hata ukitaka kurudia huwezi, maana walishaona watu wanachoka na wanasahau. Halafu akanionyesha ile meseji kwenye simu yake. "Na hii, tazama. Haina jina la zahanati. Ungeandika jina tu, ningeona siyo ya kwangu. Sisi hapa hata kopo la mkojo tunaliandika jina."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimebana herufi ili meseji isizidi ukurasa mmoja, niokoe hela.

Nilirudi usiku ule ule Kibaha, nikalala kwa Mama, na Jumatano nikafanya mambo matatu, nayaweka hapa kwa faida ya wenzangu wanaojenga vitu.

La kwanza, ule mstari. Laravel ina usajili wa namna ya tatu, unaandikwa scoped. Unafanana na singletoni ndani ya kazi moja, lakini kibarua akianza kazi nyingine rafu inafagiliwa, kiwanda kinatengeneza kipya. Wale wa Spring mkumbuke kwamba kwenu singletoni ndiyo chaguo la kawaida hata usipoandika chochote, na kitu kinachoishi maisha yote kikishika kitu cha ombi moja bila kinga, mtavuna nilichovuna. Wale wa ASP.NET Core nanyi mna majina matatu ya kuchagua, someni vizuri kabla ya kuchagua.

La pili, nikaona scoped peke yake ni sawa na kusema "nitakumbuka kubadilisha bomba". Nilitaka bomba linalojifunga. Nikamtoa kabisa KituoHusika kwenye kazi za foleni. Sasa kila kazi inabeba namba ya zahanati yake mkononi, na klasi inayosoma dawa inakataa kufanya kazi usipoitajia zahanati. Hilo ndilo somo nililolipata kuhusu kontena: mpe vitu vinavyofanya kazi, kama mtuma meseji na ghala la kanzidata. Habari za nani anahudumiwa sasa hivi zipitishe waziwazi, zisijifiche rafuni. Kijana mwenye daftari analeta nyanya, lakini mteja gani ameagiza ugali Mama anamuuliza mteja mwenyewe.

La tatu, jaribio. Majaribio yangu yote yalikuwa ya zahanati moja, kila jaribio na kontena jipya. Nikaandika moja linaloendesha kazi mbili mfululizo ndani ya kibarua mmoja, zahanati mbili zenye hesabu tofauti, na linadai kila moja ipate zake. Nikalirudishia ule mstari wa zamani na ule ujanja wangu kwanza nilione likianguka. Likaanguka. Nikaweka kodi mpya, likapita. Na kila meseji sasa inaanza na jina la zahanati, hata ikizidi ukurasa.

Alhamisi nikaprizenti. Slaidi ya tatu ilikuwa kosa lenyewe, na ya nne dozi 62 na dozi nne pembeni yake. Jopo likanyamaza. Mwalimu mmoja akauliza, kwa nini usiachane na hiyo dipendensi injeksheni kabisa, uandike kodi za kawaida kila klasi ijitengenezee? Nikamjibu kwamba bila hiyo nisingeweza kuandika jaribio lile bila kutuma meseji za kweli kwa wauguzi. Daftari halikuwa na kosa. Nilichoandika ndani yake ndicho kilikuwa kosa. Akatingisha kichwa, sikujua ni kukubali au kusikitika. Nilipata B. Kuna waliopata A wenye mifumo ambayo haijawahi kutumiwa na mtu yeyote. Sina kinyongo, au nina kidogo tu, heheheee.

Yule mama wa elfu nane nilimtumia hela yake kupitia Shangazi. Hakunijua na sikutaka anijue.

Na Sista? Nilimpigia kumwambia tumerekebisha, na nikamwomba aendelee na majaribio. Akanishukuru kwa kwenda hadi kule. Akasema hata wakubwa zake hawajawahi kufika na matope yale kumwambia tumekosea. Kisha akasema hapana. Alisema atarudi kwenye daftari lake mpaka mvua zikatike, na baada ya hapo ataona.

Mvua zilikatika. Hajarudi. Shangazi anaendelea kupata meseji zake kila Ijumaa, na ameniambia kwamba bado anafungua kabati na kuhesabu mwenyewe kabla ya kuziamini. Zamani ningejisikia vibaya. Sasa nimemwambia asiache.

Haya wadau, saa saba usiku hii, umeme unachezacheza na kesho nina testi. Mnaojenga mifumo, nendeni mkatazame mlichokisajili, hasa vibarua wenu wasiolala. Mnaotumia mifumo yetu, mkiona namba haifanani na kabati, aminini kabati, halafu mtupigie simu.

Alamsiki.